Supahiro na muvi za kutisha: wapi stelingi anaweza kufa kweli?

Kiti cha Nyuma
Wakuu salaam. Huu ubishi nimeuanza juzi na mdogo wangu tukashindwa kuumaliza, mpaka sasa tunasemeshana kwa mkato tu, nimeona niulete jamvini wenye muvi zao waamue.

Iko hivi. Tulikuwa tunarudia Infinity War ya 2018, ile ya supahiro wa Marvel, pale mwishoni adui Thanos ameshaliza vidole vyake watu wanaanza kupukutika majivu mmoja mmoja. Dogo macho yamelowa. Mimi nimejilaza kwenye kochi naangalia dari. Akanigeukia, hivi wewe huna roho? Nikamwambia roho ninayo ila na kalenda pia ninayo. Black Panther muvi yake imetoka Februari mwaka huohuo, imeshaingiza zaidi ya dola bilioni moja, halafu Aprili mnaniambia amekuwa vumbi nami niamini? Spider-Man ndo kabisaa, muvi yake inayofuata ilikuwa imeshapangiwa Julai 2019 kabla hata hajafa. Yaani jamaa amekufa na ratiba ya kazi mfukoni.

Usiku uleule dogo kalala nikaweka A Quiet Place, nayo ya 2018, ya kutisha, familia inajificha madude yanayowinda kwa kusikia. Kuna msumari pale kwenye ngazi. Mama mjamzito anavuta mfuko wa nguo kupanda nao juu, mfuko unanasa, anauvuta kwa nguvu, msumari unasimama wima na yeye hauoni, anaenda zake. Basi. Kuanzia hapo mimi siangalii tena yale madude, naangalia msumari. Na wote mle ndani wanatembea peku maana hawatakiwi kutoa sauti. Kila mtu akikaribia ngazi nakunja vidole vya miguu yangu mwenyewe huku kwenye kochi. Msumari mmoja umenitesa kuliko jitu la zambarau lenye mawe sita na jeshi zima.

Sasa hoja yangu ni kwamba supahiro haiwezi kukutia hofu ya kweli kwa sababu stelingi ana mkataba. Kwenye muvi ya kutisha stelingi hana kitu, hata viatu hana. Anayebisha aje.

stelingi_hafi
Nimekuja.

Kwanza nani kakwambia tunaenda kwenye supahiro ili tuogope? Mimi naenda kuona mtu anaruka. Ni kama umlaumu mwanamuziki kwamba hapiki vizuri.

Pili mnajifanya muvi zenu watu wanakufa kikweli, haya Jason yule muuaji amekufa mara ngapi? Friday the 13th ya nne, 1984, wakaiita kabisa The Final Chapter, tumeaga, kwaherini. Mwaka uliofuata tu 1985 ya tano hiyo hapo. Michael Myers wa Halloween kapigwa risasi, kachomwa moto, anakuja tena anatembea taratibu kama anaenda kuchota maji. Halafu eti sisi ndo hatufi.

Nipo Nipo
Mi Infinity War nilikuwa naitunza niangalie nikipata nafasi. Asanteni sana.

Kiti cha Nyuma
Mkuu ni ya 2018!! Ulikuwa unaitunza iive?

bintiGiza
stelingi_hafi umesema kitu cha maana bila kujijua. Jason anarudi, ndiyo. Lakini angalia ANAYERUDI ni nani. Kwenye supahiro mwenye mkataba ni stelingi, kwenye muvi za kutisha mkataba anao jini. Wale vijana waliokwenda kupiga kambi hakuna anayewajua majina, wakiingia msituni hawana uhakika hata wa dakika ishirini. Muuaji ndo mwenye muvi saba mbele yake. Kwa hiyo mtazamaji anakaa upande wa mnyonge akijua kabisa yule anayemfukuza hawezi kuisha. Hiyo ndo hofu yenyewe, kuna kitu kinakuja na hakina mwisho.

Sasa geuza. Mpe huyo asiyeisha nguo ya kubana na umfanye awe upande wako. Si ndo Wolverine huyo? Anapigwa risasi, anachomwa, anajiunga upya. Kisa ni kilekile wamebadilisha tu kamera imesimama nyuma ya nani.

stelingi_hafi
Wolverine umemtaja vizuri dada. Logan, 2017. Alikufa. Akazikwa, msalaba ukalazwa ukawa herufi X. Hiyo muvi ilipendekezwa mpaka Oscar ya skripti. Mkataba uko wapi hapo?

Kiti cha Nyuma
Mkataba ulikuwa kaburini unasubiri mkuu 😂 2024 Deadpool & Wolverine inaanza na nini? Deadpool anafukua lile kaburi, anatoa mifupa, anapigana na askari kwa kutumia mifupa ya marehemu. Na ikaingiza zaidi ya bilioni 1.3. Msiba wenu mlioulilia 2017 umegeuzwa silaha ya vichekesho.

Tony Stark, yaani Iron Man, je? Kafa 2019 kwenye Endgame, mazishi tumehudhuria, ziwani pale shada la maua linaelea. 2024 Robert Downey Jr. aliyemcheza anapanda jukwaani anavua barakoa, safari hii atakuja kama adui, Doctor Doom. Kafa kwenye kazi moja kaajiriwa kwenye nyingine, kampuni ileile.

stelingi_hafi
Hiyo ya mifupa sina la kusema, nilicheka nikajisikia vibaya.

Mzee wa Kanda
Vijana mnagombana kama vile hizi ni nyumba mbili. Ni nyumba moja ina milango miwili, nitawaonyesha, mnivumilie maana nikianza sijui kukata.

Muvi kubwa ya kwanza ya supahiro iliyowafanya watu waamini mtu anaruka ni Superman ya 1978, Christopher Reeve. Dairekta Richard Donner. Miaka miwili nyuma huyo Donner alikuwa ametengeneza nini? The Omen, 1976, ile ya mtoto wa shetani. Haya tuendelee. Sam Raimi, Spider-Man ya 2002, ya kwanza kuvuka dola milioni 100 wikiendi ya kwanza tu. Katokea wapi? The Evil Dead, 1981. James Wan wa Aquaman 2018 iliyovuka bilioni, katokea Saw 2004 na The Conjuring 2013. Scott Derrickson kafanya Sinister kisha Doctor Strange ya 2016. David Sandberg kafanya Lights Out kisha Shazam! James Gunn mnayemwona leo ni bosi DC, wale wa Superman, muvi yake ya kwanza kuongoza ilikuwa Slither 2006, minyoo inaingia watu mdomoni.

Mnadhani ni bahati? Kwenye muvi ya kutisha huna hela, kwa hiyo unajifunza kumfanya mtu aone kitu ambacho hakipo. Raimi kule Tennessee msituni hakuwa na mitambo ya kuendesha kamera. Wakafunga kamera kwenye ubao, mtu huku mtu kule, wanakimbia nayo chini chini kwenye magogo na majani, ndo ukapata lile shetani linalokimbia ambalo hulioni hata siku moja. Wewe unaona miti inapishana tu na mlango unakuja mbio. Mtu aliyejua kufanya ubao uwe shetani, ukimpa studio nzima kumfanya kijana abembee kwenye maghorofa ni kazi gani?

bintiGiza
Mzee wangu shikamoo. Ila mimi swali langu, hao wamehitimu au wamenunuliwa? Maana James Wan wa Saw alipiga siku 18, bajeti kama milioni moja na kidogo, watu wawili na maiti kwenye choo kibovu, na mpaka leo ile dakika ya mwisho haijapata mwenzake. Aquaman nimeangalia mara moja nikasinzia.

Mzee wa Kanda
Marahaba binti. Wote wawili, wamehitimu na wamenunuliwa. Ila hata Aquaman, ile sehemu yupo kwenye boti usiku mvua inapiga, anashika tochi nyekundu anazama na maelfu ya yale madudu yanamfuata kwenye giza, ile siyo supahiro. Yule ni Wan amejiibia dakika tano za kwake.

fundi_sauti
Nilikuwa nasoma tu ila mmepita jambo langu. Mimi nahariri sauti, siyo za muvi kubwa, vikazi vidogo vidogo, lakini masikio yangu ndo chakula changu. Tofauti ya hizi aina mbili ipo kwenye sauti kuliko kwenye picha.

John Carpenter alimwonyesha bosi mmoja wa studio Halloween ya 1978 kabla hajaweka muziki. Mama wa watu hakuogopa hata kidogo. Carpenter akaenda kupiga kinanda mwenyewe, ule muziki unaokimbia kwa mapigo matano, unasikia kama mguu mmoja umezidi kwenye hesabu. Picha zilezile, barakoa ileile ya Captain Kirk waliyoipaka rangi nyeupe, sasa watu wanapiga kelele.

Psycho ya 1960 vilevile, Hitchcock alitaka sini ya bafuni ipite bila muziki. Bernard Herrmann akaandika zile fidla zinazolia kama zinachomwa kisu zenyewe. Hitchcock akasikiliza akabadili mawazo. Na damu ile ni sharubati ya chokoleti jamani, ilikuwa muvi ya nyeusi na nyeupe nani angejua. Sikio likishaogopa, jicho linakubali chochote.

Sasa muziki wa supahiro kazi yake ni nyingine kabisa. Unakwambia mapema nani atashinda. Tarumbeta zikianza kupanda wewe unajua msaada umefika, unaweza kwenda hata chooni ukarudi.

stelingi_hafi
Fundi hapo ndo nilikuwa napataka! Kwa hiyo hamuogopi muvi, mnaogopa KELELE. Kimyaaa kimyaa halafu BWAAA, paka. Kila muvi paka. Hata mimi nikikupigia sufuria nyuma ya kichwa utaruka, hiyo nayo sanaa?

fundi_sauti
Nakubali kwa asilimia kubwa na mimi zile za paka nazichukia. Ila ujue zilianzaje. Cat People, 1942. Mwanamke anatembea usiku peke yake kando ya ukuta, unasikia viatu vyake ko ko ko na viatu vya anayemfuata nyuma. Mara viatu vya nyuma vinanyamaza. Vya kwake tu sasa. Anaongeza mwendo. Anageuka, hakuna mtu. Kamera imemng'ang'ania uso. Halafu tsssshhhh, unadhani ni chui, kumbe basi la abiria limeingia kusimama na breki zake za upepo. Prodyusa alikuwa Val Lewton, na ufundi ule mpaka leo unaitwa basi la Lewton.

Sikiliza vizuri kilichofanyika pale. Kilichokutisha siyo basi, ni vile viatu vilivyonyamaza. Basi limekuja kukutua mzigo tu. Siku hizi wanaleta basi bila viatu, wanakupigia sufuria kama ulivyosema.

Nipo Nipo
Nimesoma hii saa tano usiku na nyumba imenyamaza. Fundi una roho mbaya.

Kiti cha Nyuma
Mnaisahau hela lakini. Paranormal Activity, Oren Peli kapiga ndani ya nyumba yake mwenyewe mwaka 2006, kama dola elfu 15, siku saba. Kamera imekaa kwenye kona ya chumba watu wawili wamelala. Ikaja kuingiza zaidi ya milioni 190. Unakodoa macho kwenye mlango ambao haufanyi kitu, dakika nzima, unasogea inchi mbili unapiga yowe. Kabla yake The Blair Witch Project ya 1999, watoto watatu na kamera msituni, mchawi haonekani mwanzo mpaka mwisho, karibu milioni 250.

Ukiwa umeweka elfu 15 unaweza kuua mtu yeyote, nani atakuuliza? Ukiweka milioni 200 kuna watu wenye suti wanataka kujua yule bwana mdogo ataonekana tena kwenye mdoli, kwenye begi la shule na kwenye muvi ya 2027. Siyo kwamba hawana vipaji, hawana ruhusa ya kukupoteza.

stelingi_hafi
Na milioni 200 nazo zinaanguka, tusidanganyane. The Marvels 2023 imeishia kwenye milioni 206 dunia nzima, mbovu kuliko zote za Marvel Studios. Morbius, ile ya mnyonya damu, wakacheka nayo watu mitandaoni mpaka studio ikadhani wanaipenda, ikairudisha ukumbini, ikaanguka mara ya pili. Hiyo ya Morbius ndo muvi ya kutisha niliyoiona mwaka ule 😂

bintiGiza
😂😂😂 hapo umeniua na mimi sina mkataba.

Mzee wa Kanda
Morbius mnamcheka lakini historia yake mnaijua? Huyo ni ushahidi wangu namba mbili wa nyumba moja.

Zamani kule Marekani vitabu vya komiki vilivyotamba baada ya vita vilikuwa vya kutisha, maiti zinafufuka, vichwa vinakatwa, watoto wanavigombania. Watu wazima wakaja juu, ikafika mpaka Baraza la Seneti mwaka 1954. Wachapishaji wakaogopa wakajitungia sheria wenyewe, Comics Code. Vampaya, wanyonya damu, marufuku. Watu wanaogeuka mbwamwitu marufuku. Maiti zinazotembea marufuku. Makampuni ya kutisha yakafa kama nzi. Nani akabaki na rafu nzima peke yake? Mwenye kijoho. Supahiro unayemwona leo amejaa kila mahali kuna pahala alirithi uwanja wa marehemu.

1971 wakalegeza, vampaya ruksa. Mwaka uleule Morbius akatokea kwenye komiki ya Spider-Man. 1973 akaja Blade, tena kwenye komiki ya Dracula. Lakini zombi walikuwa bado wamekatazwa, basi Marvel wanaandika maiti inatembea imetoa macho, ukiwauliza wanasema hapana hiyo siyo zombi, hiyo ni zuvembi. Zuvembi! Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Na ni huyohuyo Blade, Wesley Snipes 1998, ile disko damu inamwagika kutoka kwenye dari, aliyewafungulia Marvel njia ya sinema miaka miwili kabla ya X-Men. Vampaya ndo kawasha gari.

Kiti cha Nyuma
Zuvembi 😂😂 nalichukua hilo jina.

bintiGiza
Waigizaji je, mbona hamuwataji. Lupita. Nakia kwenye Black Panther 2018, mwaka unaofuata Us ya Jordan Peele anacheza mtu na kivuli chake, wote yeye. Ile sauti ya Red, yule kivuli mwenye mkasi, imekwaruza kama mtu anavuta pumzi badala ya kuzitoa, alipofungua mdomo pale sebuleni mimi niliomba tusimamishe kidogo. Na mume wake mle ndani ni Winston Duke, M'Baku yuleyule. Daniel Kaluuya naye kafanya Get Out 2017, machozi yanatiririka uso haujakunja hata kidogo anazama sakafuni, halafu moja kwa moja Wakanda, nchi ya Black Panther.

Get Out ilikuwa ya milioni 4.5 ikaingiza zaidi ya 250 na Peele akabeba Oscar ya skripti. Sasa niulize, Lupita yupi alikaa kichwani kwako, wa Wakanda au wa mkasi?

stelingi_hafi
Wa mkasi. Lakini nilitaka niwe kama wa Wakanda. Hamjiulizi hilo nyie. Kuna muvi ya kukuondolea usingizi na kuna muvi ya kukufanya utembee kifua mbele kesho yake. Mimi nilivyotoka kuangalia ile nilikuwa nakunja mikono kifuani kwa salamu ya Wakanda siku tatu. Msumari wako Kiti cha Nyuma nani anatembea nao kifua mbele?

Kiti cha Nyuma
Hoja imepokelewa. Ila bado swali langu liko palepale, nitajieni sini MOJA ya supahiro iliyokutisha. Moja tu.

fundi_sauti
Spider-Man 2, 2004. Hospitali.

Nendeni mkaangalie leo, vaeni hedifoni. Doctor Octopus amelazwa kifudifudi hajitambui, ile mikono ya chuma imening'inia kama nyoka waliokufa. Madaktari wamewasha msumeno wanataka kuikata. Mkono mmoja unafumbua jicho. Baada ya hapo hakuna muziki. Kabisa. Muvi ya mamilioni, ina mtunzi wake wa muziki kalipwa, na Raimi anamwambia kaa pembeni. Kuna chuma, kuna vioo, kuna watu wanalia. Vivuli vinapigana ukutani. Mwanamke anavutwa kwa miguu kwenye giza na kucha zake zinachora sakafu, ile krrrrr unaisikia kwenye meno. Daktari mwingine anajaribu kujitetea kwa msumeno, hapo ni Raimi anawakonyeza wenzake wa Evil Dead.

Stelingi hayupo mle ndani. Spider-Man hajui hata kinachoendelea. Ndo maana inatisha, hakuna mwenye mkataba chumbani.

Kiti cha Nyuma
...

Hakuna mwenye mkataba chumbani. Fundi umenimaliza kwa hoja yangu mwenyewe.

stelingi_hafi
Nimetoka kuiangalia sasa hivi. Niliiona mtoto nikawa nimeisahau, kumbe niliisahau makusudi. Nikajaribu ujanja, nikazima sauti nione kama ni kelele tu. Bado. Zile kucha unaziona zinachora. Sauti nilikuwa naitengeneza mwenyewe kichwani.

bintiGiza
Karibu gizani kaka.

stelingi_hafi
Tulia kwanza dada sijahamia. Maana kuna jambo nyote mmelikwepa, na Kiti cha Nyuma ndo umeanza nalo kule juu bila kujua. Umesema Black Panther kugeuka vumbi hukuamini, kalenda unayo. Sawa. Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyemcheza Black Panther, amefariki. Kikweli. Alikuwa anaumwa kansa miaka minne, amefanya zile muvi zote anaumwa na sisi hatujui, anaruka anapigana. Mkataba alikuwa nao. Muvi ya pili ilikuwa imeshapangwa.

Hiyo ya pili ndo Wakanda Forever, 2022. Hawakumweka mtu mwingine kwenye nafasi yake. Inaanza, Shuri, dada yake Black Panther, yuko maabara anahangaika kutafuta dawa, kompyuta zote za Wakanda zinahesabu, anaomba muda, mama yake anaingia mlangoni. Imekwisha. Halafu ile nembo ya Marvel inayoanzaga na madoido ya muziki, safari hii picha zote ni zake yeye na hakuna muziki. Upepo tu. Fundi wewe ndo mtu wa sauti, ulisikia nini pale?

fundi_sauti
Nilisikia watu ukumbini wanavuta pumzi. Nilisahau kabisa kuitaja hiyo, na nilipaswa. Ule ukimya ni wa muvi za kutisha. Unasubiri muziki uje ukutoe na hauji.

Mzee wa Kanda
Na dairekta Ryan Coogler, yuleyule aliyemzika Boseman kwenye ile muvi, kazi yake iliyofuata ikawa Sinners 2025, vampaya, Mississippi ya 1932, Michael B. Jordan pacha wawili. Kaenda upande wa pili wa nyumba. Sisemi zaidi.

Kiti cha Nyuma
stelingi_hafi ile hoja yako nimeisoma mara mbili. Dogo alikuwa anajaribu kuniambia hichohicho juzi na mimi nikamkatisha nikaanza habari za kalenda. Alikuwa analia kwa ajili ya yule mtu, siyo kwa ajili ya muvi, anajua kilichokuja kutokea baadaye. Ile sini imebadilika. 2018 ilikuwa danganya toto, ukiiangalia leo T'Challa, ndo Black Panther, anamnyooshea jenerali wake Okoye mkono amwinue, yeye ndo anapotea. Mimi nilikuwa naangalia dari.

Ngoja nikamgongee mlango.

bintiGiza
Nenda. Usiweke Hereditary tu.

Nipo Nipo
Samahani wakuu nimechelewa, nimesoma uzi wote mpaka hapa. Kwani ule msumari aliukanyaga nani?